Viatu vilienda, feza haikurudi

Wengi kati yenu mnauzisha kitu kwa telefone. Ninajua, kwa sababu kila asubuhi nikifungua WhatsApp ninaona picha za sabuni, vitenge, mawigi, kuku wa barafu, na chini ya picha maneno yale yale: "Tunaleta mpaka nyumbani, bure." Hata mimi niliandika maneno hayo, mwezi wa nane mwaka 2022, hapa Likasi. Lile neno la mwisho liliniondolea dola 400, na zile dola hazikuwa zangu. Zilikuwa za binti yangu, kifungua mimba, za kuingia mwaka wa pili kwenye univasite kule Lubumbashi.

Nitaeleza kwa hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Ugumu ulikuwa kwamba sikutaka kuifanya.

Nilikuwa na kapitali ya dola 620. Dola 220 zilitoka kwa likelemba ya wamama wa avenyu yetu, na zile 400 tulikuwa tumezitunza kidogo kidogo kwa ajili ya mtoto. Baba watoto alikubali nizitumie, lakini kwa sharti: zirudi mbele ya mwezi wa kumi na moja. Nilinunua viatu vyeusi vya shule, kwani mnajua wenyewe, mwezi wa tisa kila mzazi anatafuta bluu na nyeupe na viatu vyeusi. Huko Lubumbashi kwa bei ya jumla walinipa jozi moja kwa dola 9. Transipo mpaka Likasi, kilometa 120 hivi, ilitoka nusu dola kwa kila jozi. Basi kiatu kilinifikia kwa 9,50. Nikauzisha 14. Nikawaza: 14 toa 9,50, zinabaki 4,50. Hiyo njo benefisi yangu.

Watu walipenda sana. Picha ilitembea toka grupu hii mpaka grupu ile, maombi yakatoka Kikula, Shituru, Panda, mpaka Kambove. Watoto wangu wadogo walikuwa wananiita "Mama ya viatu". Kwa miezi mitatu niliuzisha jozi 140. Mara 4,50, zinakuwa dola 630. Nilifurahi, nikaanza kutumia. Dirisha la mvua lilikuwa linakaribia na chumba cha watoto kilivuja, tukanunua mabati: dola 300. Matanga ya mjomba wangu: 80. Chakula, na makaratasi ya shule ya wadogo: 180. Jumla 560. Nikawaza: nimekula katika benefisi tu, hata bado kunabaki 70.

Mwisho wa mwezi wa kumi binti akaniambia, "Mama, wanatuomba tulipe." Nikafungua kisanduku. Mlikuwa dola 16. Pembeni ya kitanda mlikuwa jozi 20 za viatu, karibu zote namba ambazo hazina watu.

Nilitafuta mwizi. Nasema kweli, siku mbili nzima nilimtafuta mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikamtazama vibaya hata mdogo wa bwana yangu ambaye alikuwa ametutembelea. Ni binti aliyechukua kaye yangu, ile ambamo niliandika majina ya wanunuzi na kile nilichomlipa kijana wa taximoto kila siku. Akakaa mezani usiku, hakula. Asubuhi akanionyesha ukurasa mmoja.

Kila jozi iliyopelekwa ilimlipa kijana wa moto dola 1,50, kwenda na kurudi. Hiyo nilijua. Lakini sikuhesabu kwamba katika jozi 10 nilizotuma, 7 tu zilikuwa zinanunuliwa. Nyingine zilirudi. "Mama, hivi viatu viko vidogo." "Sina na feza leo, rudia kesho." Ama kijana anafika kwenye avenyu, anapiga telefone, imezimwa, anauliza majirani, hakuna anayejua huyo mama, kwani hapa kwetu nyumba nyingi hazina namba na njia inaelezwa kwa mti wa embe na kwa parseli yenye mlango wa kijani. Kijana anarudi na kiatu. Je, asilipwe kwa sababu mnunuzi hakuwako? Petroli imekwisha kuungua. Na wale waliobadilisha namba waliomba safari nyingine tena. Kisha kulikuwa sashe, megabaiti, na kile kinachokatwa unapotoa feza kwenye telefone: karibu nusu dola kwa kila jozi iliyouzwa.

Binti aliandika hivi kwa jozi 10 zilizotoka nyumbani. Saba zimeuzwa, mara 4,50: dola 31,50. Moto safari 10: dola 15. Safari 2 za kubadilisha namba: dola 3. Sashe na mengine: 3,50. Zinabaki dola 10. Yaani kwa kuuzisha jozi 7 nilikuwa napata dola 10, si 31. Jozi 140 zilinipa dola 200, si 630.

Na haikuishia hapo. Kulikuwa soksi. Soksi nilinunua kwa senti 60, nikauzisha dola 1,50, na kwa sababu nilikuwa nimeandika "bure" watu waliomba jozi moja ya soksi iletwe Panda. Moto 1,50. Kila mara niliposikia telefone inalia kwa ajili ya soksi nilishukuru, kumbe nilikuwa nalipa senti 60 ili mtu akubali kuzivaa. Soksi 90 zilitoka peke yake namna hiyo. Toa 54.

Basi faida yangu ya kweli ilikuwa dola 146, na mimi nilikwisha kutumia 560. Tofauti ni 414. Hakukuwa na mwizi.

Mtoto alikaa nyumbani mwaka mzima. Sitaki kuandika mengi juu ya hayo. Hakunigombeza. Lakini mvua ikipiga juu ya yale mabati mapya alikuwa anasema, "Mama, sikia, ni mwaka wangu unapiga kelele," na wadogo wake wanacheka, na mimi pia nacheka kwa sababu ningefanya nini.

Katika mwaka ule wa kukaa, alisoma sana kwenye telefone, na jioni tukipeta mchele alikuwa ananieleza. Siku moja akasema, "Mama, hata wakubwa walianguka pale pale ulipoanguka." Sikumwamini. Nilikuwa nawaza kwamba watu wa Ulaya na Marekani wanauzisha kwa intaneti na wanatajirika tu.

Akanipa habari ya kampani moja ya Marekani, jina lake Webvan. Mwaka 1999 ilianza kupeleka vyakula nyumbani kwa watu wa San Francisco na miji ya pembeni. Mnunuzi anachagua nusu saa yake, na mboga zinafika ndani ya ile nusu saa. Walijenga depo kubwa zenye mashine, wakanunua magari, matajiri wakaweka mamilioni na mamilioni ya dola. Watu waliipenda. Mwezi wa saba 2001 ilifunga. Chakula kina faida ndogo, na kila kapu lilibeba juu yake mshahara wa dereva, gari, petroli na ile depo. Walipoongeza wanunuzi pasipo kupunguza gharama ya kila safari, waliongeza hasara. Niliposikia hivyo nilikumbuka soksi zangu.

Kisha Amazon. Hiyo hata watoto wadogo wanajua jina lake. Ilianza kuuzisha vitabu mwaka 1995. Angalieni, vitabu: havivunjiki kirahisi, haviozi, havina namba ya mguu, hakuna anayerudisha kitabu akisema kinambana. Hata hivyo mwaka wa kwanza mzima ambao Amazon ilimaliza na faida ni 2003. Miaka mingi ya kuuzisha, na kila mwaka hasara. Mwaka 2022, ule ule wangu wa viatu, ililipa zaidi ya dola bilioni 80 kwa usafirishaji tu, wakati mauzo yake yote yalikuwa dola bilioni 514. Na sehemu kubwa ya faida yake haitoki katika vifurushi. Inatoka katika kukodisha nguvu za mashine zake za kompyuta kwa makampani mengine. Ni kama mtu mwenye mashamba mawili, moja linalisha lingine. Mimi nilikuwa na shamba moja, nalo ni viatu.

Na lile "bure" lao? Binti alicheka aliponieleza. Mwaka 2005 Amazon ilianza mpango unaoitwa Prime: wakati ule mnunuzi alilipa dola 79 kwa mwaka, kisha analetewa vitu vyake pasipo kulipa transipo tena. Yaani analipa mbele! Halafu anaita bure.

Karibu na sisi kuna Jumia, iliyozaliwa Lagos mwaka 2012. Mwezi wa nne 2019 iliingia kwenye soko la hisa la New York, magazeti yote yakaandika. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule ikaacha kazi Kameruni na Tanzania. Mwisho wa 2023 ikafunga kazi yake ya kupeleka vyakula vilivyopikwa, kila nchi. Nayo ilikutana na mambo tunayoyajua: nyumba zisizo na namba, watu wanaotaka kulipa wakiisha kuona kitu kwa macho, na mjumbe anayefika mlangoni anaambiwa mwenyewe ametoka. Moja ya dawa walizotumia ni kuweka vituo, mnunuzi aende mwenyewe achukue kifurushi chake, kwa bei ndogo kuliko kuletewa mlangoni.

Niliposikia neno vituo, nilimkumbuka baba yangu.

Ninyi mliokulia katika kambi mtanielewa. Baba alifanya kazi Shituru, Gécamines. Toka wakati wa Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, mpaka serikali ilipoichukua mwaka 1967 na hata nyuma ya hapo, wafanyakazi walikuwa wanapewa unga. Lakini je, kuna mtu aliyeona gari la kampani likisimama mlangoni pa kila nyumba kushusha mfuko mmoja? Hapana. Unga ulifika kantini, kwa wingi, na siku yake ikitimia sisi tulienda. Baba alifunga mfuko nyuma ya kinga, mama na mimi tukasukuma. Wenye kinga walisaidia wasio nayo. Kipande kile cha njia, kutoka kantini mpaka jikoni, tulikibeba sisi wenyewe, na hakuna aliyeona ni ajabu. Ni kipande kifupi, lakini ukikihesabu kwa nyumba elfu, nyumba moja moja, kinashinda bei ya njia yote ambayo unga umetoka nayo. Kiatu changu kilitembea kilometa 120 kutoka Lubumbashi kwa nusu dola, kisha kilometa 4 za mwisho kwa dola moja na nusu.

Mwaka 2023 nilianza tena. Zile jozi 20 nilizitembeza mwenyewe kwa miguu, nikapata 170. Likelemba ikanifikia mara ya pili. Kabla ya kupiga picha hata moja, nilienda kutafuta kantini zangu.

Nilipata tatu: kwa wifi yangu anayeshona nguo Kikula, kwa kijana mwenye kabini ya telefone Shituru, na kwa mama mmoja mwenye butiki ya chumvi na mafuta Panda. Nilitaka pia mlango wa kanisa siku ya Yenga, lakini pasta alikataa, na alikuwa na haki. Kila kifurushi kinachochukuliwa, mwenye pahali anapata senti 40. Kwa yule wa Panda nilifikiri atakataa hizo senti. Alikubali upesi, kwa sababu mtu anayekuja kuchukua viatu ananunua na sabuni.

Kijana wa moto hatoki tena kila anapoitwa. Siku ya tatu na siku ya posho anazunguka vituo vyote mara moja, na vifurushi 12, 13 hivi, ninamlipa dola 5. Hapa niseme kosa langu lingine. Mwaka wa kwanza, nilipoona feza zinaniponyoka, nilijaribu kumpunguza kutoka 1,50 mpaka dola moja. Alinitazama, akasema, "Mama, moto si yangu. Jioni mwenyewe ananingoja." Wiki ile ile aliacha kujibu telefone yangu. Wengi wanaosema wamepata njia ya kupeleka vitu kwa bei ndogo wamemhamishia tu mtu mwingine mzigo, kijana mwenye njaa na tairi iliyokwisha. Dola 5 kwa mzunguko mmoja ni nzuri kwake kuliko safari tatu za 1,50, kwani anamaliza kwa saa mbili.

Namba za miguu, hiyo ilituchokesha. Mnunuzi anasema, "Mtoto wangu anavaa 33," lakini hiyo 33 ni ya kiatu cha mwaka jana. Sasa ninaomba: simamisha mtoto juu ya karatasi, chora mguu, weka rula pembeni, piga picha, nitumie. Wengine wananung'unika. Wengine wananitumia mguu wenye soksi, ama picha ya mtoto mzima akicheka. Lakini vinavyorudi vimepungua, karibu kimoja kwa kumi na tano. Pia mnunuzi anatuma dola 3 kwa telefone mbele kiatu hakijatoka. Mtu aliyetuma 3 hazimi telefone.

Anayetaka kuletewa mpaka mlangoni analetewa, kwa 1,50 juu ya bei, na ninamwambia wazi hiyo ni ya moto. Soksi zinatoka pamoja na viatu, ama pakiti ya jozi 6. Chini ya hapo, hapana.

Nilipoteza watu. Nisiwadanganye. Kulikuwa mama mmoja aliyeandika kwenye grupu, mbele ya wote, kwamba nimekuwa na kiburi, kwamba zamani nilikuwa naleta. Wengine walienda kwa dada mmoja anayeuzisha viatu kama vyangu na bado ameandika "bure". Msimu ule niliuzisha jozi 96, badala ya 140. Usiku nilikuwa nalala vibaya, nikiona picha za yule dada na watu wakimpongeza.

Lakini kaye ilisema kitu kingine. Mzunguko wa moto ukigawanywa, senti 38 kwa kifurushi. Kituo, senti 40. Sashe na mengine, 50. Zinabaki dola 3,22 kwa jozi. Ukitoa vichache vilivyorudi, nilimaliza msimu na dola 290 za kweli, ambazo unaweza kuzishika mkononi. Mwezi wa kumi na moja nilichukua hizo 290, nikaongeza 110 za kapitali, nikampa binti dola 400 ndani ya bahasha. Alizihesabu mbele yangu, moja moja. Sikukasirika. Alirudi Lubumbashi na basi ya asubuhi, nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja, na huo mwaka sina namna ya kumlipa.

Kuna jambo moja baba watoto ananiuliza kila mara, nami sina jibu zuri. Anasema, "Na saa zako, umezihesabu?" Kujibu ujumbe wa sauti usiku, kufunga, kwenda Lubumbashi kuchagua. Nikiziweka ndani, 3,22 inakuwa kitu kidogo sana. Mwenye meza sokoni analipa pahali pake, lakini mnunuzi anajileta mwenyewe, anavalisha mtoto pale pale, analipa, anaenda. Kuna siku nawaza kwamba soko lina akili kuliko telefone. Lakini meza nzuri za soko zina wenyewe, na mimi nina watoto wadogo nyumbani, kwa hiyo bado ninaendelea na vituo vyangu.

Yule dada wa "bure" alinipigia juzi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninaweza kununua kutoka kwake jozi 30 kwa bei ya jumla. Nikamwambia aje na kaye yake. Amesema hana kaye.

Msimu huu nataka kujaribu Kambove. Kijana wa moto anaomba dola 8 kwenda na kurudi. Nikitoa kituo na sashe, kila jozi inaniachia 3,60 mbele ya safari. Jozi 3 haziwezi kubeba safari hiyo, zinaniachia dola 2,80 kwa mchana mzima. Jozi 7 zinaniachia 17,20. Mpaka leo nimepata maombi 4 kutoka Kambove, na wote wanauliza nitaleta lini. Nimewajibu kwamba ninangoja wengine watatu.